Memori Kadi ya Kibanda: Historia ya Gemu za Video Kinondoni na Temeke

Kibanda cha gemu ni chumba kimoja, kwa kawaida fremu ya duka au chumba cha mbele cha nyumba ya kupanga, chenye runinga mbili tatu, mashine za PlayStation, mabenchi ya mbao na kijana anayepokea hela na kuhesabu muda. Katika mitaa ya Mwananyamala, Tandale, Magomeni, Keko, Tandika na Mbagala, yaani sehemu kubwa ya Kinondoni na Temeke nje ya katikati ya jiji la Dar es Salaam, vibanda hivi vilienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 na kushamiri katika muongo uliofuata. Vijana wengi wamekulia humo. Wakubwa wao sasa wana familia, na gemu walizozicheza wakiwa na sare za shule zinarudi sokoni zikiwa zimetengenezwa upya, na sura mpya, vipande vipya na bei mpya.

Gemu ya zamani inaporudi, mashabiki duniani kote hubishana juu ya mambo mawili: kipi kibaki kama kilivyokuwa, na vile vipande ambavyo mchezaji halazimiki kuvipitia ili amalize gemu vina thamani gani. Dar es Salaam wanabishana juu ya hayohayo, lakini majibu yao hayafanani na ya Tokyo wala Los Angeles. Huko gemu ilinunuliwa ikapelekwa nyumbani. Huku ililipiwa kwa mechi au kwa dakika, mbele ya watu. Utaratibu wa kibanda ndio ulioamua kipi ni cha lazima na kipi ni cha hiari, na ndio unaoamua hadi leo watu wanakumbuka nini.

Mazingira yaliyopokea gemu yalikuwa na desturi zake tayari. Magomeni na Temeke zilipangwa na serikali ya kikoloni kuwa makazi ya Waafrika baada ya Vita Kuu ya Pili, na nyumba iliyoenea humo ni ile ya Kiswahili: korido katikati, vyumba pande mbili, baraza mbele. Barazani palikuwa na bao, drafti na karata. Mshindi alibaki kitini, aliyeshindwa alimpisha mwingine, na watazamaji walikuwa sehemu ya mchezo, wakisifu, wakikejeli na kukumbushana nani alimfunga nani juzi. Utaratibu huo ulihamia kwenye gemu bila kubadilika sana.

Skrini ilichelewa. Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo hata kimoja mpaka mwaka 1994, ITV na vituo vingine binafsi vilipoanza kurusha matangazo. Kabla ya hapo mlango ulifunguliwa na bidhaa. Mwaka 1984 serikali iliwaruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa kutoka nje, na chini ya Ali Hassan Mwinyi, aliyeshika urais mwaka 1985, redio kaseti, deki na runinga zikaanza kuonekana madukani. Deki ikazaa banda la video, maarufu kama kibanda umiza: kiingilio kidogo, mabenchi, filamu za mapigano na za Kihindi, na baadaye wafasiri kama Lufufu waliotia Kiswahili juu ya filamu za kigeni. Kibanda umiza kilionesha kwamba runinga moja ikiwekwa kwenye chumba chenye mabenchi inaweza kulisha familia. Wenye vibanda vya gemu walianzia kwenye somo hilo.

Gemu za kwanza kuenea uswahilini, hata hivyo, zilikuwa za majumbani. Mashine zake zilikuwa nakala za Famicom, ambayo Nintendo iliitoa nchini Japan mwaka 1983. Nakala hizo zilitengenezwa Taiwan na China na kuuzwa kwa majina mengi. Kaseti moja ilijitangaza kuwa na gemu mamia au maelfu. Kwa kweli zilikuwa chache, zimerudiwarudiwa kwenye orodha. Ndimo zilimokuwamo Super Mario Bros. ya mwaka 1985, Circus Charlie, gemu ya vifaru iitwayo Battle City, na Contra. Mashine hizo hazikuhifadhi chochote. Umeme ukikatika, Mario alirudi steji ya kwanza, na mtoto aliyekuwa karibu kumaliza alianza upya mbele ya wenzake waliokuwa wakisubiri zamu.

Contra ilikuja na siri maarufu kuliko zote katika historia ya gemu. Mjapani Kazuhisa Hashimoto wa kampuni ya Konami, alipokuwa akiandaa gemu ya Gradius iliyotoka kwa Famicom mwaka 1986, aliona ni ngumu mno kuijaribu, akajiwekea njia ya mkato: juu, juu, chini, chini, kushoto, kulia, kushoto, kulia, B, A. Njia hiyo ilibaki ndani ya gemu ilipouzwa. Konami iliiweka pia kwenye Contra, ambako inampa mchezaji maisha 30 badala ya 3. Siri za namna hii zilisafiri kwa mdomo, mtoto hadi mtoto. Viwanda vya nakala navyo viliongeza siri zao: Contra ileile ikaandikwa mara kadhaa kwenye orodha, moja ikianza na bunduki nzuri, nyingine ikianzia steji ya mbele. Mtoto wa Keko hakuwa na namna ya kujua ipi ni Contra ya Konami na ipi imeguswa na kiwanda. Kwake zote zilikuwa Contra. Jambo hili lina uzito, kwa sababu mtu mzima wa leo anaposema anataka gemu irudi kama ilivyokuwa, ile anayoikumbuka mara nyingi si ile iliyotoka mikononi mwa watengenezaji wake.

Biashara ya kibanda ilisimama na PlayStation. Sony iliitoa Japan mwezi Desemba 1994, na ilipofika Kariakoo bei yake ilikuwa nje ya uwezo wa familia nyingi za uswahilini. Mtu mmoja mwenye mtaji aliweza kuinunua na kuwauzia mtaa mzima dakika zake. Mafundi walipachika chipu ndani ya mashine ili isome diski za nakala, na diski hizo ziliuzwa kwa bei ya soda chache. PlayStation 2, iliyotoka mwezi Machi 2000 na kuuzwa zaidi ya mashine milioni 150 duniani, ndiyo iliyokuwa farasi wa kazi. Ilivumilia vumbi, joto na pedi zilizochakaa. Runinga ilikuwa ya chogo, nzito, na ikiharibika fundi wa mtaani aliweza kuifungua na kuitengeneza.

Jiji nalo lilikuwa linajaa. Sensa ya mwaka 2002 ilihesabu watu karibu milioni 2.5 Dar es Salaam. Ya mwaka 2012 ilihesabu zaidi ya milioni 4.3. Mbagala, Tandika, Manzese na mitaa mingine ya pembezoni ilipokea sehemu kubwa ya ongezeko hilo, na wengi wao walikuwa vijana wasio na uwanja wa kutosha wa kuchezea.

Kati ya gemu zote za wakati huo, Tekken 3 ya Namco, iliyoingia PlayStation mwaka 1998, ndiyo inayoonesha vizuri kuliko nyingine jinsi kibanda kilivyogeuza maana ya vipande vya hiari. Diski mpya ilianza na wapiganaji 10. Wengine walifichwa: mchezaji alipomaliza mapambano yote kwa mpiganaji tofauti, mwingine alifunguka, Kuma, Julia, Bryan, Anna, hadi Ogre. Wawili walidai kazi ya pembeni kabisa. Gon, dainosaria mdogo, alipatikana kupitia Tekken Ball, mchezo wa kurushiana mpira ufukweni. Daktari Bosconovitch alifunguka baada ya kuimaliza Tekken Force mara 4, na Tekken Force ni safari ndefu ya kupigana na magenge ya askari, haina uhusiano wowote na pambano la watu wawili.

Kwa mwenye mashine nyumbani, hizo zilikuwa wikiendi kadhaa za raha. Mteja wa kibanda aliyelipa kwa pambano hakuwa na sababu ya kutoa hela yake kumfungulia mtu mwingine mpiganaji. Kazi hiyo ilimwangukia mwenye kibanda au kijana wake, aliyecheza peke yake asubuhi wateja wakiwa shuleni na kuhifadhi matokeo kwenye memori kadi, kidude cha kilobaiti 128 kinachochomekwa juu ya tundu la pedi. Kibanda chenye kadi iliyofunguliwa wapiganaji wote kilijaza benchi. Kadi ikiibwa au ikijifuta, kibanda kilirudi kwa wapiganaji 10 na wateja wakahamia cha jirani. Kwa hiyo kile ambacho mtengenezaji alikiita ziada, Temeke kilikuwa mtaji. Na kilikuwa mali ya wote: mtoto aliyelipia pambano moja tu angeweza kumchagua Ogre sawa na yule anayeshinda pale kutwa.

Eddy Gordo, Mbrazili anayepigana kwa capoeira, hakufichwa. Alikuwapo kati ya wale 10 wa mwanzo, naye ndiye aliyempa moyo anayeanza, kwa kuwa vitufe viwili vya mateke vikibonyezwa ovyo vilitosha kumfanya azunguke chini kwa mikono na kumwangusha mtu aliyefanya mazoezi wiki nzima. Wakongwe walimchukia, wageni walimpenda. Zipo sehemu ambako makubaliano ya benchi yalimzuia kabisa. Eddy atarudi mbele ya safari hii, katika mazingira tofauti.

Mpira wa miguu uliwazidi wapiganaji wote kwa kuingiza hela. Gemu ya Konami, iliyoitwa Winning Eleven kule Japan na Pro Evolution Soccer kwingineko, ilitawala vibanda kwa miaka mingi. Baadhi ya nakala zilikuwa za Kijapani, na wachezaji walizoea menyu kwa kukariri mahali pa kila kitufe bila kusoma neno. Konami haikuwa na leseni za klabu nyingi, hivyo katika toleo la 6 la mwaka 2006 Chelsea iliitwa London FC na Liverpool ikaitwa Merseyside Red. Majina hayo hayakumsumbua mtu. Kila mmoja alijua nani ni nani kwa rangi ya jezi na sura ya mchezaji, na mwenye subira aliweza kuingia sehemu ya kuhariri, akabadilisha majina, jezi na hata klabu za wachezaji baada ya usajili, kisha akahifadhi kwenye kadi ya kibanda. Kibanda ambacho usajili wake ulikwenda na wakati kilisifika. Hapa tena mashine ileile na diski ileile zilitoa gemu mbili tofauti katika mitaa miwili inayopakana.

Sheria zilikuwa za kibanda, na ziliheshimiwa kuliko za gemu. Nusu moja dakika chache. Aliyefungwa anatoka, na mara nyingi ndiye analipa. Droo inakwenda penalti au wote wawili wanapisha. Palipokuwa na ubishi kuhusu timu, baadhi zilizuiwa: Inter Milan ya toleo la 6 ilikuwa na Adriano, ambaye nguvu ya shuti lake ilipewa alama 99, na kipa aliyesimama mbele ya mguu wake wa kushoto hakuwa na la kufanya. Wanaozungumzia gemu hii leo huanza na Adriano kabla ya kutaja kingine chochote.

Ndani ya gemu hiyohiyo mlikuwa na vitu ambavyo wengi hawakuviona. Master League, ambamo mchezaji anaanza na kikosi cha majina ya kubuni kama Castolo na Minanda na kukijenga msimu baada ya msimu, ndiyo roho ya gemu kwa mashabiki wengi wa Ulaya na Amerika ya Kusini. Kibandani ilihitaji saa nyingi za mtu mmoja na kadi ya mtu binafsi, hivyo ilibaki ya wachache waliokuwa na mashine nyumbani. Kulikuwa pia na duka la ndani lililouza wachezaji wa kale na kiwango kigumu zaidi kwa pointi zilizopatikana kwa kucheza tu. Pointi za kibanda zilikusanywa na wateja wote bila wao kujua, na wachezaji wa kale waliofunguliwa kwa pointi hizo walikuwa wa kila aliyekalia benchi.

Grand Theft Auto: San Andreas, iliyotoka kwa PlayStation 2 mwezi Oktoba 2004, ililipiwa kwa muda, na malipo ya muda yaliipindua kabisa. Kazi za hadithi, ambazo watengenezaji walizipanga kuwa uti wa mgongo, zilikuwa hiari ya wachache. Aliyenunua nusu saa hakutaka kuwafuata kwa pikipiki watu walio juu ya treni na kushindwa mara tano. Alitaka kuendesha gari, kuruka na ndege, kumpeleka CJ, steringi wake, jimu na kwa kinyozi, na kukimbizwa na polisi. Misimbo ya siri iliandikwa kwenye madaftari ya shule: R1, R2, L1, X, kisha kushoto, chini, kulia, juu, mara mbili, na hapo CJ alikuwa na afya kamili, kinga na dola 250,000. Aliyekuwa na daftari la misimbo alikuwa mtu muhimu kibandani. Michoro 100 ya kupulizia rangi kuta za Los Santos, kwato 50 za farasi za Las Venturas na chaza 50 za chini ya maji hazikuwa na mtu wa kuzitafuta kwa hela ya kulipia dakika.

Lakini kipande kimoja cha hiari kilipendwa. Katika sehemu fulani za ramani kuna alama ambazo, pedi ya pili ikichomekwa, zinawaruhusu watu wawili kuzurura pamoja kwenye skrini moja. Hakina hadithi, na kamera huwabana wasiachane mbali. Kwingineko duniani wengi hawakumbuki hata kama kilikuwapo. Kwa ndugu wawili wenye hela ya nusu saa moja, kilikuwa sababu tosha ya kuichagua San Andreas badala ya mpira.

Gemu ambazo hazikuingia kibandani nazo zinaeleza mengi. Final Fantasy VII ya mwaka 1997, ambayo ulimwengu wa gemu huitaja kwa heshima kubwa, ina saa zipatazo 40 za kusoma Kiingereza na inamtaka mtu mmoja arudi kwenye kadi yake kila siku. Haikuwa na nafasi kwenye benchi la watu sita. Ndiyo maana mjadala mkubwa wa nje kuhusu kutengenezwa kwake upya kwa sehemu tatu, ya kwanza mwaka 2020 na ya pili, Rebirth, mwezi Februari 2024, pamoja na malalamiko kwamba Rebirth imejazwa kazi za pembeni kupita kiasi, uliwagusa wachache tu Dar es Salaam. Mtu hawezi kulilia asichowahi kukaa nacho.

Biashara ilikuwa na mitihani yake. Ukame uliokausha mabwawa ya umeme ulileta mgawo mkali mwaka 2006, na mgawo ukarudi mwaka 2011. Kibanda bila jenereta kilifunga mchana kutwa, na hata chenye jenereta kiliona faida ikiishia kwenye petroli. Wazazi na viongozi wa mitaa walilalamika kuhusu watoto watoro na hela za daftari zilizoishia kwenye pedi, malalamiko yenye haki, na vibanda vingi vikaweka sheria ya kutopokea mwenye sare saa za masomo. Baadaye maduka ya kubashiri mechi yalichukua fremu nyingi za barabarani, na vijana waliokuwa wakishindana kwa pedi wakaanza kushindana kwa mikeka.

Pigo kubwa zaidi lilikuwa simu. Mkongo wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam mwaka 2009 intaneti ilianza kushuka bei, na simu za Android zilipoenea, gemu za mpira ziliingia mfukoni. PPSSPP, programu inayoigiza mashine ya PSP ndani ya simu, ilitoka mwaka 2012, na kupitia kwake Pro Evolution ya zamani ikaendelea kuishi ikiwa imebadilishwa jezi na vikosi kila msimu na vijana wasiolipwa na mtu. Dream League Soccer inamruhusu mchezaji kuingiza jezi anazotaka, na jezi za Simba na Yanga zilisambazwa kati ya wachezaji kama misimbo ya San Andreas ilivyosambazwa zamani. Kazi ya yule kijana wa kibanda aliyehariri majina asubuhi ilihamia huku.

Matengenezo mapya ya gemu za enzi ya kibanda yalipoanza kutoka, mabishano yalikuwa tayari na pa kusimamia. Tarehe 11 Novemba 2021 kampuni ya Rockstar ilitoa San Andreas upya pamoja na ndugu zake wawili, kazi iliyofanywa na Grove Street Games. Ilikuwa na kasoro za wazi: sura za watu zilizoharibika, mvua iliyoziba macho, nyimbo kadhaa za redio zilizoondolewa, na ukungu wa mbali uliotolewa kiasi kwamba mtu akiwa mlimani aliona ramani yote ilivyo ndogo. Siku chache baadaye Rockstar iliomba radhi na kuahidi kurudisha matoleo ya zamani kwa wanaotumia kompyuta. Malalamiko ya dunia yalihusu sura, mvua na nyimbo. Kwa aliyekulia benchini kuna kosa kubwa zaidi, nalo halikupewa nafasi kwenye vichwa vya habari: uwezo wa watu wawili kucheza pamoja haukurudi. Kipande hicho kilipimwa kwa kigezo cha mchezaji wa peke yake, na kwa kigezo hicho hakikuwa na thamani.

Mpira ulifuata njia hiyohiyo. Tarehe 30 Septemba 2021 Konami iliizika Pro Evolution na kuleta eFootball, ya bure, ikiwa na klabu 9 tu za kucheza nje ya mtandao, bila Master League, na ikiwa na makosa mengi hadi kampuni ikaomba radhi. Wachezaji wa kale, waliopatikana zamani kwa pointi za kucheza, sasa wanapatikana kwa bahati nasibu ya kadi inayomvuta mtu kulipa. Gemu ya FIFA, mshindani wake, ilishaanza biashara ya kadi za namna hiyo tangu mwaka 2009 kupitia Ultimate Team, lakini vibanda viliipuuza biashara hiyo kwa sababu mechi ya kirafiki ya watu wawili ilibaki kamili ndani ya diski. Hilo ndilo lililowafanya wengi wahame kutoka kwa Konami, kuliko ubora wa picha.

Kisha Eddy Gordo akarudi. Tekken 8 ilitoka tarehe 26 Januari 2024, naye hakuwamo. Aliongezwa mwezi Aprili mwaka huohuo, akiwa mpiganaji wa kwanza kuuzwa kando. Upande mmoja wa ubishi unasema gemu za sasa ni ghali kutengeneza, na asiyemtaka Eddy hajalazimishwa kumnunua. Upande wa pili unasema mtu aliyekuwamo kati ya 10 wa mwanzo hawezi kugeuzwa ziada. Resident Evil 4 ilikuwa imezua ubishi kama huo mwaka uliotangulia: Separate Ways, safari ya Ada Wong iliyokuwa ndani ya diski ya PlayStation 2 ya mwaka 2005, iliuzwa kando katika gemu iliyotengenezwa upya, ingawa ilikuwa imepanuliwa sana.

Upande wa pili una hoja nzito zaidi uswahilini. Cha kufungua kwa kucheza kinaweza kufunguliwa na yeyote mwenye muda na bidii, hata asiye na hela, na kikishafunguka ni cha benchi zima. Cha kununua kinahitaji kadi ya benki, intaneti ya kutosha na akaunti. Tekken 8 inachukua takriban gigabaiti 100, mzigo usiobebwa na bando la siku. Zaidi ya hayo, Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi ambazo Sony inawaruhusu wakazi wake kufungua akaunti za PlayStation, hivyo mchezaji wa Temeke hujiandikisha kama mkazi wa Afrika Kusini, Uingereza au Marekani na kutafuta vocha za nchi hiyo.

Ubishi wa namna hii si mgeni jijini. Bendi za Msondo Ngoma na Sikinde zinapopiga nyimbo zao za zamani pale TCC Chang'ombe, shabiki anayejua kila noti ya solo ataona kosa dogo kabisa, na jirani yake atapenda nyimbo zilizoongezewa vionjo. Tofauti iko kwenye chombo: wimbo unaweza kupigwa tena na bendi iliyo mbele ya watu, lakini gemu ikiondolewa kipande na mwenye leseni, hakuna wa kukirudisha isipokuwa wale wanaojua kuifungua na kuihariri.

Vibanda havijafa. Vilivyobaki vimegawanyika: vya barabarani vina PlayStation 4 na 5, runinga bapa na feni, na hutoza zaidi, vya ndani mitaani viliendelea kwa muda mrefu na PlayStation 2 na 3, zenye gemu kwenye flashi au diski ngumu badala ya CD. Mpira ndio unaolipa kodi, ukifuatiwa na mapigano. Gemu ndefu za hadithi, pamoja na matengenezo mapya ya zile za zamani, zimehamia majumbani kwa wale waliokulia kibandani na sasa wana mshahara wa kununua mashine. Kwa Eddy, wenye vibanda wamekuwa na njia moja: kitu kilichonunuliwa kwa akaunti iliyosajiliwa kuwa mwenyeji wa mashine hufunguka kwa kila anayetumia mashine hiyo. Mwenye kibanda akimlipia mara moja, benchi zima linampata, kama lilivyompata Ogre enzi ya kadi ya kilobaiti 128. Ila kadi ile ilikaa kwenye droo ya mwenye kibanda, na akaunti ipo mikononi mwa kampuni inayoamini kwamba mwenye kibanda anaishi nchi nyingine.